Asali Iliyoganda

Sogeeni karibu, maana shauri hili limenishinda, nami sipendi kushindwa peke yangu.

Huko Tabora palikuwa na watu watatu. Nyamizi, mjane, alijua kurina asali kuliko wanaume wengi. Mwalimu Kasanda wa chuo cha biashara alijua kuandika kisa cha duka hata msomaji akajiona yumo ndani. Limi, mwanafunzi wake, mama wa watoto wawili, alijua kuuliza maswali mpaka watu wakakereka.

Nyamizi ndiye aliyetoa kisa. Msimu mmoja wa baridi asali yake iliganda chupani, wateja wakanong'ona kwamba ametia sukari. Badala ya kuwaeleza kuwa asali halisi huganda, akaichemsha ili iyeyuke. Ikapoteza harufu, nao wakaamini kabisa kuwa ni tapeli. Duka lake la asali likafa. Miaka sita alipita sokoni hasalimiwi. Kasanda alipomwendea alimsimulia yote huku akilia, kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe.

Kasanda ndiye aliyekiandika. Alirudi kwa Nyamizi mara tisa kuuliza, kisha akakifundisha darasani, Nyamizi akiwa amekaa benchi la nyuma. Watu thelathini walijadili kosa lake saa nzima, wengine wakicheka. Aliona haya, na bado alifurahi, kwani ni lini watu walikaa wakamzungumzia kwa kirefu namna ile? Kipindi kikaisha, wakatoka wote bila kumjua.

Limi ndiye aliyekifanyia kazi. Aliuza asali iliyoganda vilevile, akiwaonjesha watu na kuwaeleza, mpaka warina asali waliokata tamaa wakarudi porini.

Chuo kikatoa zawadi kwa mmoja tu, yule ambaye mafanikio hayo ni yake zaidi: chumba kimoja cha duka, pale langoni.

"Bila mimi kisa kingezikwa na mama huyu," alisema Kasanda. "Nipeni chumba hicho nifundishie."

"Darasa zima lilikisoma, mwalimu," alisema Limi. "Aliyethubutu ni mimi."

Nyamizi naye akasema, "Aliyeumia ni mimi. Na hapo langoni watu hupita. Wangenisalimu."

"Lakini mama," alisema mkuu wa chuo, "ukikipokea, itabidi tuwatangazie watu kuwa yule wa kwenye kisa ni wewe."

"Watangazieni," alisema Nyamizi.

Mkuu wa chuo hajaamua. Kila asubuhi Nyamizi hupita kuutazama mlango uliofungwa, kisha hurudi nyumbani. Haya, wenzangu, ufunguo ungekuwa mkononi mwenu, mngempa nani?