Keki ya Kijino

Hapo kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa bado wakipika, wakifua na kualikana shereheni, aliishi Bi Pimbi kwenye mwanya wa jabali. Sogeeni basi. Wewe, acha kumfinya mwenzio, msikie yaliyompata.

Bi Pimbi alikuwa mfupi, mnene kiasi, na mwepesi wa miguu na wa mawazo. Alikuwa na mtoto, Kijino, aliyeitwa hivyo kwa sababu jino lake lilichomoza kabla hata hajajua kukaa. Sasa Kijino alikuwa anatimiza mwaka, na mama yake alitaka kumfanyia sherehe: keki ya asali, vitumbua, sharubati ya ukwaju, na watoto wote wa jabalini.

"Tatizo ni harufu," mumewe akanong'ona. "Keki ikinukia tu, Kiboko na Faru hao! Umesahau sherehe ya mapacha wa Sungura?"

Bi Pimbi hakusahau. Kiboko alimeza keki pamoja na mishumaa iliyokuwa ikiwaka. Faru alikula vitumbua, akala sinia, akamalizia na jamvi. Watoto walirudi kwao wanalia.

"Tuhame," akasema Bwana Pimbi.

"Hama wewe. Mwanangu atakula keki yake!"

Alisema hivyo, lakini bado hakujua atafanyaje. Alikoroga unga huku akiwaza, akamimina asali huku akiwaza. Kijino akaanza kulia njaa, mama yake akampa uji. Kijino akaunywa wote, akacheua mbwee! kisha akalala palepale, uso ndani ya bakuli.

Bi Pimbi akamtazama. Akamtazama tena. Akaanza kucheka peke yake.

"Mume wangu! Pika uji! Pika mapipa ya uji!"

Watoto wa jabalini wakafika, maputo yakatundikwa, keki ikanukia. Haukupita muda, ardhi ikatetemeka: du! du! du!

"Hodi hapa!" Kiboko akanguruma.

"Keki iko wapi?" akauliza Faru, ambaye hakuwa na muda wa salamu.

Bi Pimbi akaikaza sauti. "Karibuni, majirani zangu! Bila shaka mnaijua desturi ya sherehe ya mwaka mmoja?"

Kiboko hakuijua, ila hakutaka Faru atambue. "Naijua sana," akasema. "Mweleze Faru."

"Siku ya leo wageni wakubwa wote wanakuwa watoto wachanga. Mtoto mwema kuliko wote ndiye anayekata keki, na anajikatia kipande anachotaka."

"Hata kipande kikiwa keki nzima?" akauliza Kiboko.

"Hata kikiwa keki nzima."

"Mimi ni mtoto mwema!" Faru akapiga kelele. "Nilikuwa mwema tangu tumboni!"

Basi wakafungwa mashuka shingoni wasije wakajichafua, wakaketishwa chini. Bwana Pimbi akapanda juu ya jiwe na upawa wake.

"Mtoto mwema humaliza uji wote! Aaa, fungua mdomo! Hamu!"

"Hamu!" akafanya Kiboko, na upawa ukaenda na uji.

Ikabidi wamiminiwe kwa ndoo. Pipa likaisha, likaja jingine, nalo likaisha. Hakuna aliyekubali kubakiza kabla ya mwenzake.

"Sasa mtoto mwema hucheua," akasema Bi Pimbi. Akamrukia Faru mgongoni, akampigapiga: pu, pu, pu.

"MBWEEEEE!"

Maputo yote yakapasuka, pa! pa! pa! Watoto wa jabalini wakaanguka kwa kicheko.

"Haya, mtoto mwema akishashiba hufanya nini?"

"Anakula keki?" Kiboko akajaribu.

"Analala. Tena kimya!"

"Kwa kulala kimya, huyu hanipati!" Faru akajitupa chini: puu!

Bi Pimbi akaanza kuwaimbia. "Lala mwanangu wa pembe, lala mwanangu wa tumbo..." Kiboko alifumba jicho moja, jingine likimchungulia Faru. Faru naye vivyo hivyo. Lakini uji ulikuwa umewalemea.

Khrrrrr! Khrrrrr! Mawe yakacheza.

"Sasa!" akanong'ona Bi Pimbi.

Watoto wakaizunguka keki. Kijino akapuliza mshumaa wake, mate mengi kuliko pumzi, ukazimika. Wakala keki, wakala vitumbua, wakanywa sharubati mpaka matone ya mwisho. Kijino alijipaka asali hadi masikioni.

Wakubwa walipozinduka, vyombo vilikuwa vinaoshwa.

"Keki!" wakafoka kwa pamoja.

Bi Pimbi akashika kiuno. "Keki gani? Nilisema kimya! Kuna mtu hapa amekoroma mpaka mwanangu akashtuka. Mtoto mwema anakoroma?"

"Ni Faru huyu!"

"Mimi? Sijawahi kukoroma maishani! Ni wewe, mdomo wazi kama mlango wa ghala!"

"Nimekusikia kwa masikio yangu!"

"Ulikuwa umelala, umenisikiaje?"

Wakaondoka wakibishana, mashuka yakiwaning'inia shingoni. Hata walipotokomea ng'ambo ya bonde, sauti zao bado zilisikika: "Ni wewe!" "Ni wewe!"

Yangu yameishia hapo, na funzo lake ni hili: mwenye akili hana haja ya kupigana na mlafi mwenye nguvu, anampa tu kitu kingine cha kutamani.