Huzuni ya Dakika Moja

Wahenga waliosema kwamba maji yakimwagika hayazoleki hawakuwa watu wa mzaha. Maana yake ni kwamba yako mambo ambayo mtu akishayaachia hawezi kuyarudisha, hata akilia, hata akipiga magoti, hata akija mbio na ndoo. Wanadamu wengi huikubali methali hii kwa kichwa tu, kisha hukaa wakingoja iwafike wenyewe ndipo waamini. Miongoni mwao alikuwamo Naftali, kijana wa Kimeru wa miteremko ya mlima juu ya Tengeru, mpiga tarumbeta hodari, aliyeyamwaga maji yake mchana kweupe mwaka wa 1956, Mwingereza akiwa bado anatawala.

Naftali alifundishwa tarumbeta na Mzee Anaeli, kiongozi wa bendi ya kanisa. Mzee huyo alikuwa mkali kama pilipili kichaa, lakini alimpenda Naftali kama mwanawe wa kumzaa. Alipofariki, Naftali alijifungia siku mbili katika stoo ya kahawa, akatoka na wimbo usio na maneno, wa dakika moja tu. Alipoupiga kaburini, hata wale wanaume waliojifanya wanakagua mawingu walijifuta macho.

Baada ya maziko, mjane wa marehemu, Mama Marta, alimwita kando.

"Mwanangu, wimbo huu ni wa nani?"

"Ni wa mzee, mama."

"Basi uwe wake kweli. Usipigwe harusini, usipigwe sokoni. Mwakani tukiweka msalaba utaupiga mara ya pili, kisha ulale naye. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama. Naapa."

Kuweka msalaba si jambo dogo katika miteremko ile. Mwaka ukishatimia, ukoo hukusanyika upya, msalaba wa saruji husimamishwa juu ya kaburi, na hapo ndipo mjane huvuta pumzi na kusema kwamba mwenzake amepumzika. Kwa Mama Marta, siku ile bila wimbo ule ingekuwa sawa na kumzika mumewe nusu.

Miezi mitatu baadaye, Naftali alisikia habari za Bwana Jabiri, fundi wa gramafoni wa mtaa wa Ngarenaro mjini, aliyekuwa akinunua muziki kwa niaba ya nyumba moja ya muziki ya Nairobi. Naftali alikuwa akipiga tarumbeta la kanisa, lenye kibonyeo ubavuni na mate ya wapigaji watatu ndani yake. Alitamani lake mwenyewe kama mgonjwa atamanivyo maji. Akamchukua rafiki yake Elifuraha, mpiga besi, yaani lile tarumbeta kubwa kama mtungi, wakashuka mjini.

"Sinunui nyimbo za kuimba," Jabiri aliwaeleza huku akifuta vumbi kwenye kinasa sauti chake. "Nanunua muziki wa kuwekwa chini ya picha. Kule Nairobi wanaupanga rafuni kama mwenye duka la dawa anavyopanga chupa. Mtengeneza sinema akija husema, nipe dakika moja ya furaha, nipe nusu dakika ya hofu. Anapimiwa, anaondoka."

"Na mtungaji?" Naftali aliuliza.

"Mtungaji analipwa, anakwenda zake. Hajui chupa yake itanywewa na nani."

Aina zilizotakiwa zilikuwa tano: furaha, safari, kazi, hofu na huzuni. Zote au hakuna. Basi la Nairobi lilikuwa likiondoka saa sita, na Jabiri alikuwa ameshakata tikiti. Kufikia saa nne walikuwa wamerekodi nne za kwanza bila taabu. Huzuni ikagoma. Naftali alijaribu mara tatu, na mara tatu Jabiri alitikisa kichwa.

"Hii si huzuni, ndugu yangu. Hii ni njaa."

Saa ya ukutani ilikuwa ikigonga kama shoka. Jabiri alianza kufunga kamba za sanduku lake. Naftali alimtazama Elifuraha, na Elifuraha, aliyekuwapo kaburini na aliyejua kiapo, akanong'ona, "Usithubutu."

Naftali akathubutu. Alipomaliza, Jabiri alikuwa amevua kofia bila kujijua.

"Huo ndio," alisema polepole. Kisha akatoa mkataba na kuusoma kwa sauti. "Sahihi hii ikishakauka, sauti si yako. Wataukata, wataukimbiza, watauweka juu ya picha yoyote, katika nchi yoyote. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Fikiri tena."

"Nimeelewa, bwana! Nipe kalamu."

Moyoni alijipa hoja nzuri sana. Nairobi ni mbali, Ulaya ni mbali zaidi, na Mama Marta hajapata kuvuka Moshi. Wazungu wakimlilia Mmeru bila kujua, marehemu atapungukiwa na nini? Hoja nzuri ina hatari moja: humfanya mjinga atembee kwa madaha.

Tarumbeta jipya lililonunuliwa kwa fedha ile lilifika likimetameta hata kuku walikimbia. Mwaka wa msiba ukakaribia kutimia. Juma moja kabla ya kuweka msalaba, Naftali alikwenda mjini kununua mafuta ya kulainisha vali za tarumbeta, akapita kumsalimu Jabiri. Fundi alimpokea kwa kicheko cha furaha.

"Hongera! Huzuni yako imenunuliwa. Imetiwa kwenye sinema ya kufundisha wakulima wajenge uzio. Kuna beberu anakula miche ya kahawa, anakula kofia ya mwenye shamba, mwishowe anakula sabuni. Povu linamtoka, anaanguka, na hapo unaingia wewe na tarumbeta lako. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu! Jumamosi gari la sinema litakuwa kwenu Tengeru."

Naftali alihesabu siku kwa vidole. Jumamosi sinema, Jumapili msalaba.

"Bwana Jabiri, nirudishie wimbo wangu. Tarumbeta chukua."

Kicheko kikatoweka usoni mwa Jabiri. "Ndugu yangu, santuri ziko Nairobi, ziko Kampala, nyingine ziko melini. Nikurudishie nini, karatasi? Karatasi chukua."

Ijumaa alikwenda kwa Mama Marta akiwa amekata shauri kukiri. Alimkuta akimenya ndizi za wageni, uso umemchangamka kuliko siku zote za mwaka ule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Ni mazoezi ya Jumapili? Mimi siku hizi nalala nikiusikia ule wimbo." Akatupa ganda kwenye beseni. "Kesho nakwenda sinema. Wanasema inafundisha kulinda miche isiliwe na mbuzi."

"Mama... sinema huharibu macho."

"Macho haya yameona mengi, hayataharibiwa na mbuzi."

Naftali akamenya ndizi mbili badala ya kukiri. Akaaga.

Wakati huo ndipo alipozaa hila, na hila yenyewe ilikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa. Yeye na Elifuraha wangejificha nyuma ya gari la sinema na matarumbeta yao. Beberu akishatia mdomo kwenye sabuni, wangepiga wimbo wa maandamano kwa nguvu zote mpaka ule mwingine umezwe.

Jumamosi jua lilipotua, uwanja wa soko la Tengeru ulijaa pomoni. Jenereta likanguruma, kitambaa cheupe kikawaka. Mama Marta alikuwa mstari wa mbele, juu ya kigoda, kilemba chake cheupe kikionekana wazi. Naftali hakutazama kitu kingine ila kilemba kile na beberu yule. Beberu akala miche, watu wakacheka. Akala kofia, wakacheka zaidi. Akaingia uani, akapita kwenye sufuria, akanusa kanga kwenye kamba. Naftali akainua tarumbeta. Beberu akaiona sabuni.

"Sasa!" Naftali alisema.

Wakapuliza. Hata popo walihama. Watu wakageuka, mbwa wakabweka, sauti ya sinema ikazama kabisa. Naftali alikuwa ameanza kumshukuru Mungu wakati taa ilipowaka garini na mwendesha sinema, Bwana Loishiye, akashuka akiwa na kipaza sauti mkononi.

"Nani hao wanaopiga kelele? Nyie wapumbavu! Wazee wametoka mbali kuja kujifunza, nanyi mnafanya harusi?" Akawanyang'anya matarumbeta, akayafungia garini mpaka sinema iishe. Kisha akawageukia watu kwa upole wa mwalimu. "Ndugu zangu, poleni. Kwa kuwa hamkusikia, narudisha mkanda nyuma. Na sauti naongeza."

Beberu akaiona sabuni mara ya pili.

Povu likamtoka. Akayumba. Na juu ya soko zima la Tengeru, kwa sauti ya kutetemesha mabati, ikaja huzuni ya Mzee Anaeli. Kwa pumzi moja watu wa kanisa walinyamaza, maana waliujua. Kisha beberu akaanguka chali miguu juu, na kicheko kikapasuka. Walicheka waliomzika mzee. Walicheka mpaka machozi, machozi yale yale ya mwaka jana.

Kilemba cheupe hakikutikisika. Beberu alipofufuka na kukimbia na kanga kwenye pembe zake, Mama Marta aliinuka, akapita katikati ya watu, akaja moja kwa moja mpaka aliposimama Naftali.

"Mama, nisamehe. Nitatunga mwingine usiku huu huu."

"Mume wangu hakuzikwa na mwingine," Mama Marta alijibu. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilimkata Naftali kuliko panga. "Kesho saa nne. Usichelewe."

Jumapili saa nne ukoo ulisimama kuzunguka kaburi. Msalaba ulisimamishwa, mchungaji akaomba, akamwashiria Naftali. Naftali aliinua tarumbeta. Alipiga vizuri kuliko alivyowahi kupiga maishani mwake. Alipiga kama mtu anayevuta kamba ya kisima akijua nani yumo ndani. Lakini hakuna aliyekagua mawingu. Wote walitazama viatu vyao, midomo wameibana, mabega yanawatetemeka. Mzee wa kanisa Aminieli aliuma leso. Mchungaji alikohoa ndani ya kitabu cha tenzi.

Sehemu ya besi ikafika. Elifuraha, macho yamemtoka, alikuwa amezuia kicheko tangu noti ya kwanza. Akavuta pumzi, akapeleka mdomo, na kicheko kikamponyoka ndani ya lile tarumbeta kubwa. Chombo kile hakina huruma. Kilikikuza na kukitoa upande wa pili kikiwa kirefu, kizito na chenye mtetemo.

"Meeeee!"

Watu wote makaburini wakaangua kicheko. Shangazi wa marehemu alikaa chini. Hakuna aliyetaka kucheka, na hakuna aliyeweza kuacha.

Mama Marta alikwenda kwa Naftali na kuweka kiganja juu ya mdomo wa tarumbeta linalong'aa, kama mtu afungavyo macho ya maiti.

"Basi, mwanangu," alisema. "Inatosha."

Akashika udongo, akaumimina chini ya msalaba kimya kimya, akashuka nyumbani peke yake.

Naftali hakuupiga tena wimbo ule maisha yake yote, lakini ulikuwa haumhitaji. Hata kabla ya msimu wa kahawa kwisha, wachunga mbuzi wa Tengeru walikuwa wakiupiga mluzi jioni kuita mbuzi wao, nao mbuzi wakija mbio. Mama Marta aliusikia kila siku akiwa jikoni kwake. Kweli, maji yakimwagika hayazoleki.