Kaburi la Mgomba

Apa kwanza. Weka mkono kifuani, sema hutamwambia mtu, hata mumeo. Nami niliapa hivyohivyo, na kiapo changu kimevumilia tangu asubuhi. Maskini, kimechoka. Sogea.

Hapo zamani, katika mji wa Jumbe mmoja, palikuwa na sheria: kila mwenye imani azikwe kwa imani yake. Waislamu walikuwa na makaburi yao, Wakristo yao, watu wa mizimu yao. Yote yalichimbwa na mtu mmoja, Sekibaha, ambaye hakuamini chochote. Akiulizwa husema, "Nimeingia shimoni mara nyingi kuliko nyinyi. Sijakuta mtu." Kwa neno hilo Jumbe alimfukuza barazani, akasema imani yake itapotosha watoto.

Mama yake Jumbe akaugua hata akakata kauli, watu wakadhani amekufa. Sekibaha akaambiwa achimbe kaburi. Akachimba, akamaliza, akaanguka ukingoni, akafa. Na yule bibi? Akafumbua macho, akaitisha uji.

Mjane wa Sekibaha, Mashavu, akaenda kuomba mahali pa kumzika mumewe. Jumbe akajibu kwamba kaburi ni la mwenye imani, na kutoamini si imani.

"Ulipomfukuza ilikuwa imani," akasema Mashavu. "Leo anataka udongo, si imani tena?"

Jumbe akainuka, akaingia ndani.

Alikuwapo Mwalimu Shomvi wa msikitini, aliyebishana na Sekibaha miaka thelathini na hakuacha kula naye sahani moja. Akamvuta mjane kando, akamwambia atashuhudia kwamba marehemu alitamka shahada, azikwe na Waislamu, yaishe.

"Usimtie maneno kinywani, Mwalimu. Sasa hawezi kuyatema."

Maiti ikalala ndani siku ya pili. Nzi, mwanangu, hawaulizi dini.

Sasa mji ule kaburi lililochimbwa haliachwi tupu. Mwenyewe akipona, huzikwa mgomba uliovishwa sanda, na mgomba hauombewi dua. Mvisha sanda wa mji alikuwa nani? Mashavu huyohuyo. Mgomba wa mama yake Jumbe ukapelekwa nyumbani kwake, ukaachwa kando ya maiti.

Mchana wakaja kuuchukua. Shomvi akabeba mbele. Bega lake likakutana na bega. Mgomba hauna mabega. Akajua amembeba nani, akaendelea kutembea.

Kaburini wakaushusha, wakashika majembe. Na Shomvi, rafiki wa watu, akajisahau. Akainua mikono, machozi yanamtiririka, akaomba rehema.

"Mwalimu," akasema Jumbe, "tangu lini mgomba ukaombewa?"

Sanda ikafunuliwa mbele ya mji mzima. Shomvi mikono bado iko juu. Mashavu ana udongo kiganjani.

Jumbe akasema yeye amefuata sheria tu. Shomvi akasema hakuwa na kitu kingine cha kumpa rafiki yake. Mashavu akasema, "Uongo niliukataa mdomoni, nikaufunga kwenye sanda. Na dua aliyoikataa maisha yake yote ndiyo imemtoa shimoni."

Wakampandisha juani, wakaenda kuuleta mgomba, wakauzika vizuri.

Basi wewe uliyeapa kunyamaza, nijibu. Jumbe aliyesema si imani, Shomvi aliyemwombea, Mashavu aliyemficha: je, ni nani aliyemnyima Sekibaha kaburi?