Nyumba Moja ya Mtaa wa Vinyozi

Nina swali la kuwauliza, lakini swali lenyewe halisimami bila nyumba, na nyumba haisimami bila mtaa. Kwa hiyo vumilieni kidogo. Wenye haraka ya kuhukumu mtapata nafasi yenu mwishoni, na nawajua: nyinyi ndio mtakaokuwa wa kwanza kunyamaza.

Katikati ya mji mmoja wa pwani palikuwa na Mtaa wa Vinyozi. Nyumba arobaini zilibanana bega kwa bega, kila mbili zikitumia ukuta mmoja. Kuta zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtu mzima kujilaza dirishani. Dari zilikuwa za boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti ya mkoko haizidi urefu wa mti wake, vyumba vyote vilikuwa vyembamba sawasawa, vya tajiri na vya kinyozi. Watu walizaliwa, wakaoana na wakafa ndani ya urefu wa mti mmoja. Baadaye wakaja Wahindi, wakapandisha ghorofa, wakatokeza roshani za mbao juu ya njia, hata jirani akampa jirani chumvi bila yeyote kushuka ngazi.

Wataalamu waliuita mtaa huo urithi. Wenyeji waliuita kwao, na kwa mapenzi wakaupiga saruji. Hapo ndipo ulipoanza kufa. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji huufungia unyevu ndani, na jiwe likageuka unga nyuma ya plasta ya kupendeza. Aliyeipenda zaidi nyumba yake ndiye aliyeiua mapema.

Zikabaki nne. Ya katikati ilikuwa gofu la kinyozi aliyekufa bila mrithi. Tatu zilikuwa na wenyewe.

Wa kwanza ni Bi Mwanahamisi, binti wa mwashi. Kipawa chake kilikuwa ulimini: akionja chokaa iliyolowekwa, anakwambia imeiva au ingoje. Dari yake ilishaporomoka, lakini kuta zake hazikuwahi kuguswa na saruji.

Wa pili ni Fundi Kombo, seremala. Kipawa chake kilikuwa sikioni: anagonga boriti kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, kisha anasema, "Huyu mzima," au, "Huyu marehemu." Kuta zake zilikuwa zimeoza, ila dari yake ilikuwa imara.

Wa tatu ni Mama Shirin, mjane wa Kihindi, Mbohora, mwenye miaka sabini na tisa. Kipawa chake kilikuwa kumbukumbu. Kichwani mwake nyumba zote arobaini bado zilikuwa zimesimama. Alijua ubao gani unaingia wapi. Yeye ndiye aliyebaki na roshani ya mwisho.

Siku moja ikaja barua ya jiji. Nyumba yoyote itakayokutwa kamili kwa asili yake, yaani kuta za chokaa, dari ya boriti na roshani ya mbao, itahifadhiwa, na mkaaji wake atapewa hati. Zisizo kamili zitaondolewa kupisha maegesho ya magari. Ukaguzi baada ya miezi mitatu.

Wakakaa watatu kwenye baraza ya kinyozi.

"Kamili!" akasema Fundi Kombo. "Mimi mwenyewe nina meno tisa, nyumba yangu ndiyo iwe kamili?"

"Mimi kuta ninazo," akasema Bi Mwanahamisi.

"Na mimi dari."

"Na mimi roshani," akasema Mama Shirin. "Basi nyumba ipo. Imekaa mahali patatu tu."

Fundi Kombo akacheka. Kisha akaona wenzake hawacheki, naye akaacha.

"Tuijenge kwa nani?" akauliza.

"Tukijenga kwa mmoja wetu tutatoana macho," akasema Bi Mwanahamisi. "Tujenge hapa, kwa marehemu. Hana mtu."

"Na atakayekaa ni nani?"

"Wee Fundi, usianze kutafuta ugomvi asubuhi yote hii. Tuokoe mtaa kwanza."

Hivyo ndivyo walivyoukwepa ugomvi: waliupangia siku nyingine.

Bi Mwanahamisi alianza. Alivunja kuta zake jiwe kwa jiwe, akianzia chumba alichozaliwa. Kila jiwe alilisugua, akalibeba, akaliweka mahali pa jiwe la kinyozi lililooza. Chokaa aliichota katika shimo alimoiloweka marehemu baba yake, akaionja, akatema, akasema, "Mzee alijua kungojea." Shimo lilipokwisha, gofu lilikuwa na kuta, na yeye alikuwa akilala chini ya turubai juu ya sakafu yake mwenyewe.

Fundi Kombo akafuata. Aligonga boriti zake sitini na mbili. Arobaini na moja zilimjibu. Akazishusha moja moja, akazipandisha kwa kinyozi, akazipanga karibu karibu kama zilivyokuwa. Alipoitoa ya mwisho, kuta zake zilikaa chini taratibu kama mgonjwa aliyechoka kusimama. Mkewe, Bi Salme, alikuwa njiani na sufuria mkononi. Akaangalia lile vumbi, akasema, "Umeokoa miti, baba. Mimi naenda kwa dada yangu." Hakwenda kwa hasira. Hapakuwa na pengine pa kwenda.

Mama Shirin akawa wa mwisho. Roshani yake ilikuwa na vipande mia mbili na kumi na vinne, na kila kimoja alikiandika namba kwa chaki, kwa tarakimu za Kigujarati. Kwenye roshani hiyo ndiko alikoonyeshwa mtaa alipoletwa bibi harusi, na ndiko alikosimama jeneza la mumewe likipita chini. Ilipong'olewa, uso wa nyumba ukaja nayo. Mama Shirin akawekewa kiti njiani, akaelekeza kazi akiwa ameipa mgongo nyumba yake.

"Si hapo, Kombo! Huyo wa kushoto!"

"Mama, ni ubao tu huu."

"Na wewe ni Kombo tu. Tukuweke popote?"

Siku ya ukaguzi akaja ofisa, binti nadhifu mwenye jalada kwapani. Akawaamkia wote shikamoo. Akagusa kuta, akatazama juu, akapanda kwenye roshani, akapiga picha.

"Hongereni sana," akasema. "Imekamilika. Hata sikutegemea." Kisha akasimama kwenye roshani, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kote kulikuwa na uwanja wa vifusi na turubai moja. "Samahani, wazee wangu. Nimeambiwa nikague mtaa. Mtaa wenyewe uko wapi?"

Wazee nao wakageuka kutazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza wao wenyewe walipoangalia.

Ofisa akafungua jalada. "Basi. Mkaaji anaitwa nani?"

"Sisi," akasema Fundi Kombo.

"Nafasi ni ya jina moja, baba."

"Liandike la Mama Shirin," akasema Bi Mwanahamisi, kisha akajisikia akiongeza, "ingawa bila kuta zangu hiyo roshani angeitundika hewani."

"Na kuta bila dari ni boma la mbuzi," akasema Fundi Kombo.

"Bila mimi," akasema Mama Shirin polepole, "mngekuwa na rundo la mawe na rundo la kuni."

Ofisa akafunga jalada. Si mtu mbaya, ni mwajiriwa. "Nitarudi Ijumaa baada ya sala. Nikikuta nafasi haijajazwa, itakuwa nyumba isiyo na mkaaji, na zile zisizo na mkaaji zinaondolewa pamoja na zile zisizo kamili." Akawaachia fomu na kalamu juu ya baraza.

Leo ni Alhamisi.

Najua mnachotaka kuniambia. Wakae wote watatu. Wakae wapi? Ni chumba kimoja chini na kimoja juu, vyenye upana usiozidi urefu wa boriti, na hati atakuwa nayo mmoja. Siku akifa, wengine watatolewa na warithi. Maana wana wa Fundi Kombo wameshasema watauza. Mtoto wa Mama Shirin yuko Kanada, anaulizia bei kwa simu. Bi Mwanahamisi hana mtu, kwa hiyo akifa nyumba itakuwa tena kama ilivyokuwa ya kinyozi. Na msiniletee habari za umoja. Umoja walikuwa nao, ndio uliobomoa nyumba tatu.

Watatu hao wameketi barazani sasa hivi. Bi Mwanahamisi analo tone la chokaa kwenye kidole, analiangalia tu, halionji. Fundi Kombo hagongi kitu. Mama Shirin, aliyekumbuka kila ubao, anauliza tena na tena leo ni siku gani.

Fomu hii hapa. Kalamu hii hapa. Wewe uliyenisikiliza mpaka mwisho, ungeandika jina la nani? Na ukishaliandika, wale wawili ungewaambia waende wapi?