Mama Pimbi na Majani ya Maoni

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa nini?

Pakawa kiti kimoja cha jaji, na tumbo moja likikitaka.

Basi hapo kale Simba alimteua Fisi awe jaji wa mwitu. Kesi ya kwanza iliyokuwa ikingoja ni ya Mama Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, ambaye mwanawe aliliwa. Aliyemla ni Fisi mwenyewe. Kesi ya ngedere kumpelekea nyani, tena nyani mwenye njaa. Mimi sisemi kitu, nasimulia tu.

Kabla ya kumwapisha, kamati ya Kiboko ilitangaza kwamba kila mnyama alete maoni. Wadogo wakachuma majani mapana, kila mmoja akatia alama ya ukucha wake kumkataa Fisi. Mama Pimbi akayapeleka. Kiboko akayapokea, akashukuru, akayatandika juu ya jiwe lake, akayakalia. Pu! Siku ya pili wakaleta mengi zaidi. Kiboko akayapokea, akashukuru, akayakalia. Pu!

Mama Pimbi akamuuliza mbona hayatazami.

"Maoni yenu ni laini sana, mama," Kiboko akajibu. "Endeleeni kuleta."

Mama Pimbi akarudi kwake, akamlilia mwanawe kwa uchungu. Alipokwisha kulia akafuta machozi, akaenda kichakani kutafuta upupu.

Sasa, mwitu ule una desturi yake: jaji huapa akiwa ameketi tuli. Akitikisika, kiapo kimemkataa. Siku ya kiapo Mama Pimbi akaja na furushi la tatu, amelishika kwa jani la mgomba.

"Mheshimiwa Fisi, tumeshindwa," akasema. "Haya ya mwisho yakalie wewe mwenyewe."

Fisi akacheka, akayatandika kitini, akaketi. Pu!

"Mimi Fisi naapa..." Kwaru. "Naapa kutenda..." Kwaru kwaru. "Kutenda haki..." Kwaru kwaru kwaru! Akaruka, akakimbilia mtoni akijikuna makalio mbele ya Simba na wageni wake wote.

Kiapo kikamkataa. Kesho yake Simba akamteua binamu wa Fisi, na kesi ya Mama Pimbi ingali inangoja.

Lakini tangu siku hiyo kamati huyatazama maoni ya wanyonge, jani kwa jani, mbele na nyuma, kabla ya kuyakalia.

Funzo ni hili, watoto: ukitaka wakubwa wakusikilize, sema kwa adabu, kisha subiri. Hadithi yangu naiacha hapo, na anayewashwa ajikune.