Gamba la Shangazi

Hapo zamani, joto na baridi vilipogawiwa, watu wa tambarare walichukua joto lote na watu wa milimani wakaachiwa ukungu. Hawakugombana siku ile. Ugomvi ulikuja baadaye, kwa ajili ya nyoka, na ndiyo habari niliyowaletea. Kaeni vizuri, maana mwisho wake nitawatupia ninyi, nami sitawasaidia.

Huko tambarare aliishi mwanamke aitwaye Limi, mcheza ngoma ya nyoka. Baba yake alipokufa alimwachia vitu viwili: ngoma moja na chatu jike mmoja, mnene kama paja la mtu mzima. Chatu huyo walimpa jina kwa mzaha akakua nalo, Shangazi, kwa sababu alikuwa akila mara moja, akilala mwezi mzima, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Limi alimpenda. Na zaidi ya kumpenda alikuwa akimdadisi, kwa kuwa alikuwa mtu wa kuuliza tangu utoto. Baba yake alikuwa akimwambia, "Wewe ukikutana na mamba utamuuliza ana meno mangapi kabla hujakimbia."

Ngoma ile ilikuwa na sheria. Nyoka akifia mikononi mwa mchezaji kwa uzembe, mchezaji hutundika ngoma yake ukutani na haishushi tena. Limi hakuwa na mtoto wala ndugu. Shangazi akifa, ngoma ya baba yake nayo imekufa.

Basi mwaka mmoja mtemi wa milimani akamwalika Limi na wenzake wa ngoma waje wacheze kwake siku ya kumi na moja tangu kufika, mazao yakiwa yameshaingia ghalani. Wakakwea siku sita, Limi na wenzake wanane, Shangazi ndani ya tenga, tenga likining'inia kwenye mti mabegani mwa wanaume wawili. Wakapokewa vizuri, wakalishwa, wakapewa nyumba. Siku ya tatu ukungu ukashuka, ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Siku ya nne asubuhi Limi akafunua tenga, akaweka kiganja mgongoni mwa Shangazi. Baridi kama jiwe la mtoni. Akamwinua kichwa, kikaanguka. Akangoja ulimi utoke, haukutoka. Limi akalia mbele za watu bila kujificha, kisha akasema neno ambalo wenzake walilisikia wakashika vichwa.

"Atakayemponya Shangazi, gamba la kwanza atakalojivua ni lake."

Walishika vichwa kwa sababu gamba la nyoka wa ngoma halitolewi ovyo. Hutolewa zima, halikatwi, halina wawili. Na anayelishika ndiye atakayemrithi nyoka, na ngoma pamoja naye, siku mwenye nyoka akifa.

Watu wa mlimani walikuwa wamejaa mlangoni, mikono kifuani, wakitazama. Aliyejitenga nao alikuwa Gwantwa, mfinyanzi, mwanamke ambaye miguu yake hutangulia mawazo yake. Milimani mgeni akipigwa na baridi huwekewa jiwe la moto chini ya mkeka. Ndivyo wanavyompokea mjomba, ndivyo wanavyomlaza mzazi aliyejifungua. Gwantwa akakimbia kwenye tanuri lake la vyungu, akarudi na jiwe limefungwa majani ya mgomba, moshi ukimfuata njia nzima.

"Dada Gwantwa, tusubiri kwanza tumuulize mtu," Limi alisema.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," Gwantwa akamjibu, akalisukuma jiwe chini ya Shangazi.

Kufika adhuhuri ulimi ukatoka. Ukaingia, ukatoka tena. Wapiga ngoma wakapiga, wanawake wakapiga vigelegele, na Gwantwa akainuliwa mabegani. Jioni akaleta jiwe la pili, kubwa zaidi na lenye moto zaidi, akalifunika tenga kwa nguo nzito mbili, kwa wema wake.

Siku ya tano asubuhi Limi akaweka kiganja mgongoni mwa Shangazi. Joto. Akafurahi. Akamgeuza amtazame tumbo, furaha ikamwisha. Magamba ya tumboni yalikuwa yamebanduka mahali pa upana wa kiganja, kama ganda la kiazi kilichosahauliwa kwenye majivu, na nyama ilionekana nyekundu.

"Kwa nini hukusogea?" Limi alimuuliza nyoka. "Shubiri moja tu, ungesogea." Halafu akawageukia watu. "Kwa nini hakusogea?"

Gwantwa alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Aliyejibu alikuwa mtu aliyeketi kizingitini akichonga ufito. Jina lake Ambakisye, fundi wa mianzi, mjenzi wa nusu ya nyumba za mlima ule.

"Hakujua kama anaungua," alisema. "Nyoka amezoea jua, na jua liko juu. Mgongo wake unalijua. Joto la chini hulilalia tu akidhani ni jema, mpaka limwivishe. Na hata angejua, tenga ni dogo na mmelifunika. Angekimbilia wapi?"

"Umeyajua lini haya?"

"Mwaka juzi. Nyoka aliingia bandani kwangu ninapokausha mianzi, akalala juu ya majivu. Nilimkuta vivyo hivyo."

"Na jana ulimwona Gwantwa na jiwe lake?"

"Alipita mlangoni kwangu. Sikuulizwa," Ambakisye alisema. "Na mtu mwenye jiwe la moto mikononi hasimamishwi njiani."

Limi alimchukia siku ile, siwafichi. Lakini kumchukia fundi hakukuzuii kumtumia. Akampaka Shangazi asali kwenye kidonda, akamwambia Ambakisye, "Sasa nakuuliza. Tufanye nini?"

Ambakisye akanyanyuka, na alipoanza hakupumzika. Akapasua mianzi, akasuka tundu refu, urefu wa watu wawili waliolala kichwa kwa mguu. Mwisho mmoja akautengea kichumba cha chungu cha makaa, chenye mlango wake wa nje na tundu za kutolea hewa mbaya, chungu kikikaa juu ya udongo ili mianzi isishike moto. Kati ya chungu na nyoka akaweka ukuta wa fito, joto lipite, tumbo lisipite. Mwisho wa pili akauacha baridi, akatia majani makavu na bakuli la maji.

"Ukimpa mgeni moto," alisema, "mpe na njia ya kuukimbia."

Siku ya sita Limi hakubanduka pale. Alimtazama Shangazi akivuta mwili wake kwenda upande wa moto, akikaa, kisha akirudi upande wa majani taratibu, mwenyewe, bila kusukumwa. Limi alicheka peke yake. Miaka yote hakuwahi kufikiri kwamba nyoka huchagua.

Lakini makaa ni makaa. Kila aliyepita alitaka kumsaidia mgeni, akatupa kaa chunguni. Mchana moto ukawaka mpaka Shangazi akakimbilia mwisho wa baridi, akajikunja huko, akagoma kutoka. Makaa yakafa yeye akiwa huko huko. Siku ya saba asubuhi Limi akaweka kiganja mgongoni mwa Shangazi. Baridi kama jiwe la mtoni.

Safari hii hakulia. Alikuwa amekumbuka kitu alichokiona siku ya kwanza, nyumba ya pili kutoka hapo. Mama mmoja, mpika pombe, Tupokigwe, alikuwa akitumbukiza kiwiko katika maji ya kimea na kusema "bado," na akikitumbukiza tena na kusema "sasa." Limi akaenda kwake mbio.

"Shikamoo mama. Unajuaje kwamba maji yamefika?"

"Marahaba. Kiwiko kinajua," Tupokigwe alisema. "Kiganja kimezoea kushika vyungu, kinadanganya. Maji yakizidi, kimea kinakufa. Yakipungua, kinalala. Miaka arobaini sijamwaga pombe hata mara moja. Unauliza ya nini?"

Limi akamwambia. Uso wa Tupokigwe ukabadilika. Tangu siku ya nne yeye ndiye aliyekuwa akisema, "Mwacheni afe, mdudu ni mdudu," na hakusema kwa ubaya tu. Kaka yake alikufa kwa sumu ya nyoka.

"Mwanangu, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi hunionyeshi ung'ongo, unaniitia nyoka mwenyewe."

"Chatu hana sumu, mama."

"Sikumuuliza."

Limi akapiga magoti mbele yake. Mwisho Tupokigwe akafuta mikono. "Nitakuja," alisema, "kwa sababu sitaki isemwe kwamba mgeni alipanda kwetu na kiumbe hai akashuka na maiti. Usinionyeshe tu."

Akaja amejitanda nguo mpaka puani. Limi akamshika Shangazi mwisho wa baridi, na Tupokigwe, amegeuka nyuma, akaingiza kiwiko mwisho wa moto. Akaagiza makaa kumi na mawili madogo, yasizidi, yafunikwe jivu. Akaonja tena kwa kiwiko. Akaongeza jivu. Kisha akachukua kigae, akatia donge la siagi, akakifunga kwenye ukuta wa fito upande wa nyoka, usawa wa mgongo wake.

"Siagi ikiganda, ongeza kaa moja. Ikitiririka, ongeza jivu. Ikilegea tu, usiguse kitu, na asiguse mwingine."

"Na wewe ukienda nyumbani?"

"Siagi haiendi nyumbani," Tupokigwe alisema, akaondoka.

Siku ya nane Limi akaweka kiganja mgongoni mwa Shangazi. Vuguvugu, kama shingo ya mtu aliyelala. Siku ya tisa, vuguvugu. Siku ya kumi Shangazi akameza panya, akalala, watu wakasema sasa ni Shangazi kweli. Siku ya kumi na moja wakacheza. Limi alimzungusha mabegani mara moja tu, kwa sababu ya kidonda, na watu wa mlimani waliipigia kelele mara ile moja kama wengine wanavyozipigia kumi.

Walikaa mpaka siku ya ishirini na moja. Macho ya Shangazi yaliingia ukungu wake mwenyewe, yakatakata, na asubuhi moja akajisugua kwenye fito za Ambakisye, akajivua gamba, mbele ya kigae cha Tupokigwe, kutoka mdomoni mpaka mkiani. Lilitoka lote. Ila tumboni palikuwa na tobo la upana wa kiganja, mahali pa jiwe la Gwantwa.

Mizigo ilikuwa imeshafungwa. Limi akasimama uwanjani, gamba mkononi, na wale watatu wakaja.

"Tobo hilo ni langu," Gwantwa alisema. "Nilimchoma, sikatai, na nitalikumbuka mpaka nife. Lakini asubuhi ya siku ya nne, nyote mlikuwa mnatazama. Aliyekwenda ni mimi. Nyoka aliyekufa hajengewi tundu wala hapimiwi moto. Gamba ni langu, na tobo lake."

"Ulimtoa mtoni ukamtupa kisimani," Ambakisye alisema. "Huko si kuokoa. Mimi nilimpa mahali ambapo joto halimkuti akiwa amefungwa."

"Ulijua ukanyamaza."

"Nilinyamaza siku moja. Tundu langu limesema siku kumi na sita."

Tupokigwe alikuwa amewapa mgongo wote, na gamba pia. "Tundu lako lilikuwa na tanuri huku na barafu kule," alisema, "na nyoka alikuwa anakufa katikati. Waliofanya kwa haraka wamesikika, waliofanya kwa ustadi wamesikika. Aliyejua kiasi ni nani?"

"Utalifanyia nini gamba usiloweza kulitazama?" Ambakisye akamuuliza.

"Nitalitundika nyuma yangu. Sikusema nalipenda. Nimesema ni langu."

Limi akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa anafikiria gamba. Alikuwa anafikiria siku atakayokuwa hayupo, na Shangazi bado yupo, maana chatu huishi sana. Mmoja atamkimbilia kabla ya wote, na huenda akamchoma tena. Mmoja atajua kila kitu, na huenda akangoja kuulizwa. Mmoja hatakosea hata kaa moja, wala hatamgusa hata siku moja. Na ngoma ya baba yake itakaa katika nyumba ya mmojawapo.

Akakumbuka pia kwamba aliyempandisha Shangazi mlimani ndani ya tenga tu, bila kuuliza kama huko kuna jua, alikuwa yeye, mtu wa kuuliza. Hilo hakulisema, lakini mimi nawaambia.

Ukungu ukaanza kushuka tena juu ya njia. Wenzake wakanyanyua tundu begani, wakamwita. Na Limi, aliyeuliza maisha yake yote, safari hii aliulizwa yeye, na watu watatu walikuwa wamenyoosha mikono.

Mimi najua alimpa nani. Ninyi niambieni kwanza. Lakini msinijibu mbio kama Gwantwa, msikae mnajua mkanyamaza kama Ambakisye, wala msinigeuzie mgongo kama Tupokigwe. Gamba ni moja, halikatwi. Je, nani alistahili?