Mgeni Halishwi Majani

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa mbona mmenyamaza? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale Sungura alihamia ua wa Bi Mwanaidi. Siyo yule mjanja mnayemjua. Huyu alikuwa wa kufugwa, mpole, anakaa bandani.

Wanyama wakafurahi. Mgeni huyo! Bata akaleta ugali. Mbuzi akaleta ndizi mbivu. Maandazi nayo yakaja.

"Na majani je?" Kuku akauliza.

"We Kuku! Mgeni halishwi majani," Bata akasema. "Unataka tuaibike?"

Sungura akaona haya kukataa. Akala. Akala tena.

Sasa Kuku alikuwa mdadisi, kila kitu lazima akijue. Kila asubuhi alichakura chini ya banda, para-para, para-para, akigeuza vinyesi vya Sungura, vya mviringo kama mbaazi, kutafuta wadudu. Siku moja akachakura, para-para. Hakuna. Akahamia upande wa pili. Hakuna hata kimoja!

"Ajabu hii," akasema. "Anakula hivyo, mbona hatoi?"

Akachungulia. Sungura amejikunyata pembeni. Ugali haujaguswa. Tumbo limevimba, meno yanasagana, kre-kre-kre.

"Mgeni wetu, una nini?"

"Tumbo, dada Kuku. Tangu jana. Niliogopa kusema, mmenikirimu mno."

Kuku akaingiwa na hofu.

"Kashiba huyo, mwacheni apumzike," Bata akasema.

"Aliyeshiba hasagi meno!" Kuku akapiga kelele, ko-ko-ko-kooo! ko-ko-ko-kooo! mpaka Bi Mwanaidi akatoka na mwiko mkononi. Akaona. Akakimbia kumwita bwana mifugo.

Bwana mifugo akampapasa Sungura tumbo, akampa dawa. "Ungechelewa ungemzika," akasema. "Huyu chakula chake ni majani, makavu hasa, yasikosekane. Na maji. Na nafasi ya kurukaruka. Ugali na maandazi kuleni wenyewe."

Mbuzi, kwa aibu, akavuta majani makavu kutoka zizini kwake. Wakangoja. Kuku hakubanduka chini ya banda, sikio juu. Kimya. Sungura akatafuna jani moja, kru. Kimya tena. Mara, to! To-to-to!

"Vimeshuka!" Kuku akalia kwa furaha. Bata akapiga vigelegele. Jamani, mmeona wapi kinyesi kikishangiliwa?

Basi, mkirimu mgeni kwa chakula chake, siyo chako. Na sungura akiacha kula, akikosa choo, usiseme kashiba. Kimbia ukaite mganga wa mifugo. Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye sungura na aende akachungulie bandani.